Chai Ambayo Mama Tom Hakuionja

Ndugu zangu, tangu nirudi mulango wa duka haufungwi. Mutu anaingia anauliza bei ya mabati, anatoka bila kununua hata musumari, kumbe alikuja kutafuta habari ya Uingereza. Na kila mumoja anakuja na habari yake tayari. Wa mutaa wa Nyawera wanasema nilimwaga chai mbele ya wakwe. Wa Kadutu wanasema nilimunyang'anya mama wa watu kikombe mukononi, ndani ya jikoni yake mwenyewe. Ile ya Nyawera ni uongo. Ile ya Kadutu ni kweli, lakini iko na sababu. Basi naandika mara moja, mupashane, muniache nifanye kazi.

Munanijua. Mimi ni mutoto wa Walungu. Nilishuka Bukavu na miguu, gunia la makala kichwani, shule niliiacha kule kule milimani. Leo simama Nyalukemba asubuhi jua likitoka upande wa ziwa, angalia paa zinazong'aa, kisha uliza mabati yalitoka kwa nani. Sikusaidiwa na mutu. Kwa hiyo nilifikiri hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Nilijidanganya.

Sababu ya safari munaijua pia. Nabintu, binti yangu wa kwanza, yule niliyemutuma Uingereza kusomea kazi ya uuguzi, alipata kijana muzungu anaitwa Tom. Akanipigia simu.

"Papa, kuja ubaone na macho yako. Ukisema ndiyo, tunaoana. Ukisema apana, nitamuacha. Nimesha mwambia."

Bibi yangu, mama wa Nabintu, alikuwa amekaa pembeni, anasikia yote. Simu ilipokatika akasema:

"Papa Nabintu, enda. Lakini usitoe neno kama hauyakula kwabo. Nyumba yenye haukulamo, hauachemo mutoto."

Alisema kweli, na ni vile tuliachiwa na wazee. Baba wa binti akikula na kunywa kwa wakwe, amekubali. Akirudi na njaa, amekataa, hata kama mudomo wake haukusema kitu. Kwa hiyo nilipotoka Bukavu, ndoa ya mutoto wangu nilikuwa nimeibeba tumboni.

Ruzizi mupaka Kigali

Nilivuka daraja la Ruzizi na miguu kama watu wote, nikaingia Rwanda, sanduku moja na mufuko mumoja. Ndani ya mufuko kulikuwa sambaza wakavu. Mutu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na zawadi ya samaki wa Kivu hakuna mutu wa kuidharau.

Mule ndani ya bisi waliidharau. Tulipoingia pori la Nyungwe, kona kwa kona, madirisha yamefungwa juu ya baridi, harufu ilianza kutembea. Mama mumoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega.

"Papa, una nini mule?"

"Sambaza. Ninapelekea wakwe zangu Uingereza."

Akajifunika pua na kitenge. Halafu akasema: "Basi ile ndoa imekufa."

Bisi nzima ikacheka. Nikamwambia, mama, mimi nimefunika Bukavu na mabati, sishindwi kufunika harufu. Mbele tukakuta gari kubwa limelala barabarani, tukangoja mupaka ubavu ukauma. Ile wakati ya kungoja, yule mama njo alikuwa wa kwanza kuomba sambaza wawili watatu wa kutafuna. Kisha konda. Kisha dereva. Tulipofika Kigali mufuko ulikuwa umepungua, na mimi nilikuwa rafiki wa bisi yote.

Ya ndege sitawachosha. Inapaa, inakaa, unapewa kuku mudogo kama kidole, unaomba pilipili wanakuletea unga mweusi wa kwenye karatasi. Kule Addis tuliambiwa ngojeni, tukangoja, tukaambiwa tena ngojeni. Nilikaa juu ya sanduku langu kama mufalme juu ya ngoma, mupaka tukaitwa.

London, Furaha na mabomba mawili

Kwa mambo ya ndoa baba hasimami peke yake, dada yake lazima awepo. Dada yangu Furaha anaishi Amerika tangu miaka mingi, walienda na bwana yake kama wakimbizi, sasa anaendesha bisi ya watoto wa shule. Na mimi Kingereza sina. Kwa hiyo alikuja kutoka kwake, mimi kutoka kwangu, tukakutana London, tukalia, tukachekana.

"Yaya, kaka yangu mukubwa, umenenepa!"

"Ni heshima. Wewe umekuwa muzungu."

Nilifikiri nimepata mutu wa kunionyesha njia. Yooo! Dada yangu alikuwa amepotea kuliko mimi. Mimi nilishangaa kimya kimya, yeye alishangaa kwa sauti ya juu, na kila mushangao ulianza na neno "kwetu". Kwetu barabara ni pana. Kwetu frigo ni kubwa kama kabati. Kwetu unapewa barafu bila kuomba. Nikamuuliza, kwetu wapi, Walungu? Akasema Amerika. Mushangao wangu wa kwanza Uingereza ni ule: mutoto wa baba yangu kusema "kwetu" na kumaanisha Amerika.

Tulilala nyumba ya wageni. Kwanza chumba. Yule binti wa mapokezi alisema vyumba vyetu viko etaji ya kwanza. Mimi nikapanda ngazi, nikafika, nikafungua, nikaweka sanduku. Furaha hayupo. Ninamutafuta, ninamusikia kule chini anagombana na mulango wa jikoni. Kumbe kwao Amerika pa chini kabisa ndiyo etaji ya kwanza! Uingereza wanahesabu sawa na sisi Bukavu: chini ni chini, etaji inaanza ukipanda.

"Bazungu bote haba­wezi kuhesabu sawa?" akasema, anahema na masanduku.

"Petite, mudogo wangu, yangu mimi ni darasa la Walungu, na nimefika mbele yako."

Halafu bafuni. Nikasikia analia kama mutu ameumwa na nyuki. Nikapiga mulango.

"Nini?"

"Yaya, mabomba iko mbili! Moja inaunguza, ingine inagandisha! Ya katikati iko wapi?"

Nikaingia kuona. Ni kweli. Bomba moja kushoto la moto wa kuchuna kuku, lingine kulia la baridi kali, na kati yao hakuna urafiki. Watu waliotengeneza treni na meli! Nilisimama pale mimi muuza mabomba, ninayeuza robine ya kuchanganya mayi mupaka Walungu vijijini. Nikamwonyesha Furaha: ziba shimo, changanya ndani ya beseni, nawa. Kama kwa mama yetu. Akasema kwetu hatunawi mu beseni. Nikamwambia, kwetu tunanawa.

Asubuhi ilimumaliza. Wakaleta sahani: yai, mukate, na maharagi. Maharagi! Furaha akaangalia saa, akaangalia sahani.

"Maharagi asubui? Bako bagonjwa?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kula. Ndugu zangu, nani kati yetu hakukua na maharagi ya jana, yamepashwa moto, asubuhi kabla ya shamba? Tofauti ni kwamba yao yana sukari. Hapo ndiyo nilishangaa na mimi. Nikaomba chumvi. Yule mama wa kuhudumia akanijibu neno, akaenda kuileta. Furaha akafungua macho makubwa.

"Unajua amekuita nini? Amekuita mupenzi wake."

Kijiko kikabaki hewani. Nikageuka. Ni mama mutu muzima, nywele nyeupe, ana tabasamu. Nikaona anaenda kwa muzee mwingine, naye akamwita vile vile. Kisha dereva wa teksi. Kisha polisi aliyekuja kunywa kahawa! Furaha akasema kwao Amerika ukimwita mutu usiyemujua hivyo kuna kesi. Mimi nikasema kwetu Bukavu kuna mafuta ya moto, bibi yangu anayamwaga. Pale hakuna kesi, hakuna mafuta. Wanaendelea kunywa chai.

Treni na majani

Wakwe wanakaa muji mudogo upande wa kaskazini, jina lake ulimi wangu ulikataa. Tukapanda treni. Inakimbia kama inafukuzwa na deni. Kuingia, nikakanyaga muguu wa muzee mumoja, nikamukanyaga kabisa, na kiatu changu munakijua. Kabla sijafungua mudomo, yeye akaniomba samahani.

Nikamuuliza Furaha: "Ananiomba musamaha ya nini? Si ni muguu yake?"

"Sijuwe. Kwetu angekuwa amekwisha kukutukana mama."

Nikakaa mbele yake nikamuangalia. Sikuona hasira. Nilifikiri labda ananijua, labda ameambiwa ni nani amepanda.

Katikati ya mashamba, treni ikasimama. Sauti ikatoka juu. Furaha akasikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena.

"Yaya, banasema tumesimama juu ya majani."

"Majani gani?"

"Majani ya miti. Imeanguka kwenye reli."

Nilimwambia asinichezee akili. Sisi mulima unaanguka mu barabara ya Walungu, tunashuka, tunaweka bega, gari linapita. Treni ya chuma, inazuiwa na majani makavu! Nikaangalia watu wengine nione kama wanacheka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelalamika. Walivuta pumzi tu, wote pamoja, fyuuu, kama kanisani baada ya amina. Furaha njo alisimama katikati ya watu, anauliza kwa sauti nani mukubwa hapa, na watu wakaanza kuangalia viatu vyao kwa haya. Haya kwa niaba yake! Nikamuvuta gauni akakaa.

Yule muzee wa muguu akafungua mufuko wake, akatoa kakopo ka biskuti, akatunyooshea. Akasema kitu kuhusu mawingu. Furaha akajibu kitu kuhusu mawingu. Mimi nikatoa sambaza. Akashika mumoja, akamuangalia macho kwa macho, akasema neno, akamuweka ndani ya karatasi, karatasi ndani ya koti.

"Amesema nini?"

"Amesema anavutia sana, atamula nyumbani."

Nilifurahi. Jioni Nabintu akaniambia kwamba Mwingereza akisema kitu kinavutia sana, hatakila mupaka afe. Mupaka leo hiyo inaniuma. Afadhali yule mama wa Nyungwe, alitukana kwanza, akala baadaye.

Kwa wakwe

Nabintu alikuja kutupokea kwenye gare ya treni. Alikonda kidogo, macho yalikuwa makubwa. Akanishika mukono kama alipokuwa mutoto wa kuvuka barabara.

"Papa, bako bazuri. Utaona. Lakini haba­semake mingi."

Nyumba yao iko ndogo, imebanana na ya jirani ukuta mumoja, matofali mekundu. Paa niliiangalia. Vigae, si mbaya. Mulango ukafunguka, kijana murefu akatoka, kichwa chekundu, mukono mbele.

"Hello, Placide!"

Ndugu zangu. Placide! Jina langu la ubatizo, ambalo bibi yangu hajalitamka tangu nilipomuoa. Mimi ni Papa Nabintu. Mimi ni Patron. Kijana anayetaka kunichukulia binti, ananiita kama tulichunga mbuzi pamoja! Nilihisi damu inapanda masikioni. Hata Furaha alishituka. Akaninong'oneza kwamba kwao kijana angesema "bwana", na angelisema mara mbili.

"Papa," Nabintu akasema haraka, "huku njo heshima. Mutu akikuita jina, amekufungulia moyo."

"Aufunge kidogo."

Nyuma yake akatoka Papa Tom, muzee wa mabega mapana, alikuwa fundi wa magari. Akanishika mukono, akasema mvua imepungua. Kisha Mama Tom, mufupi, mwenye nywele za kukatwa, amevaa eproni yenye maua na anaitoa haraka haraka. Kwetu mukwe mwanamuke anakusalimia kwa mbali, macho chini. Yeye alinishika mukono wangu na mikono yake miwili. Mbwa wao alikuwa amekaa juu ya kiti kizuri kuliko vyote. Hakuna aliyemushusha. Mimi nikapewa kingine.

Meza ilikuwa imejaa. Mikate midogo ya kukatwa pembe tatu, keki, vikombe vyembamba vyenye ndege wa buluu. Chini ya meza Furaha alinikanyaga: ameona kwamba mashine ya kufua nguo iko jikoni, pembeni ya sufuria. Sikuwa na nafasi ya kushangaa hiyo. Mama Tom alikuwa ananimiminia chai.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ni hapa watu wa Nyawera walipokosea.

Aliweka kikombe mbele yangu. Akaweka maziwa. Akarudi nyuma, akakunja mikono, akasema neno huku ananitabasamia.

Furaha akatafsiri: "Anasema kunywa, usitungoje."

Nyinyi munajua nilivyosikia mule ndani. Kwetu mwenye kukupa kinywaji anakionja mbele yako. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, mayi, hata uji wa mugonjwa: anaonja, anapangusa ukingo, anakupa. Si kwamba kila mutu ana karuho, ile sumu ya kwetu, chini ya ukucha. Ni kukuambia: kama kuna sumu, tutakufa wawili. Na mutu anayesema "kunywa wewe, usiningoje"? Kwetu mutu wa hivyo anahamishwa kartie, anafukuzwa mutaani.

Sikufikiri kwamba yule mama ana sumu. Hapana. Lakini kunywa pale kulikuwa kutoa mutoto wangu, na nilitaka kumutoa ndani ya nyumba inayojua kupokea. Nikaweka mikono juu ya magoti. Nikamungoja aonje.

Na yeye akaningoja nianze.

Papa Tom akangoja. Tom akangoja. Hakuna aliyegusa kitu. Furaha peke yake alikuwa ameomba soda na barafu, barafu haikuwepo, alikuwa na huzuni yake mwenyewe. Tukazungumza juu ya mvua. Ile ya jana. Ile ya kesho. Moshi wa chai ukapungua, ukaisha.

Mama Tom akaniomba samahani, akasogeza kikombe pembeni, akaleta kingine cha moto. Akarudi nyuma, akakunja mikono. Kikapoa. Akaomba samahani, akaleta kahawa. Ikapoa. Akaleta mayi. Meza ikajaa vikombe vyangu kama nimefungua duka. Na hakuna mutu aliyeuliza! Hilo ndilo lilinishitua kuliko mabomba, kuliko majani. Kwetu mugeni akikataa kinywaji, nyumba nzima inasimama: papa, tumekukosea nini? Jirani anaitwa. Inasemwa, inaisha. Pale kila mutu anaona, na kila mutu anasifu mawingu.

Nabintu akainama kwenye sikio langu. "Papa, kunywa basi."

"Aonje."

"Huku mugeni njo anaanza. Mwenye nyumba akianza, banasema hana adabu."

"Na mimi nikianza, sina akili. Mwambie aonje."

"Nimwambie nini, Papa? Kwamba baba yangu anaogopa sumu yake? Nitamuangalia aje kisha pale?"

"Mimi nitamwambia," Furaha akasema, na akaanza kufungua mudomo. Nabintu akamufinya mupaka akaufunga. Niliona macho ya mutoto wangu yamejaa mayi, na hakuyapangusa, ili wasione kwamba analia. Amekuwa kama wao, nikawaza. Na nikawaza pia: nikisimama sasa, imekwisha. Ameahidi. Ataondoka na mimi.

Tom alikuwa ameshika mukono wake chini ya meza. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa mihogo.

Jikoni

Mama Tom akakusanya vikombe vyote juu ya sinia, akaenda jikoni. Mulango ulibaki wazi kidogo, na kiti changu kilikuwa kinauangalia. Alisimama mbele ya beseni la kuoshea, mugongo kwetu. Nilifikiri atamwaga. Akashika cha kwanza, chai ya kwanza kabisa, ile ya baridi. Akaangalia huku na kule kama mwizi. Akaanza kuinywa.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba yule mama hatupi chai. Mama yake alikula shida, akamufundisha hivyo. Inayobaki anainywa yeye, amesimama, watu wasione. Wakati ule sikujua. Nilichoona ni hiki: kikombe changu, mudomo wake. Alikuwa anainywa, na mukono mwingine anajipangusa macho na kitambaa cha vyombo.

Nikasimama. Viti vikalia. Nabintu akasema "Papa!" kwa sauti ndogo, alifikiri ninatafuta koti.

Munajua vizuri kwamba mwanaume haingii jikoni ya mukwe wake. Baba yangu angelala nje siku nyingi kuliko kukanyaga pale. Niliingia. Mama Tom akageuka, kikombe mudomoni, akajikunja kama mutoto aliyekamatwa na sukari. Nikanyoosha mikono miwili. Hakuelewa. Basi nikakitoa mukononi mwake. Ndiyo, watu wa Kadutu, nilikitoa mukononi mwake. Yeye akaniomba samahani! Kulikuwa kumebaki nusu. Baridi, maziwa yamefanya ngozi juu. Nikainywa mupaka chini, nikageuza kikombe aone.

Wote walikuwa mulangoni sasa, na mbwa.

"Yaya, umefanya nini?" Furaha akalia. "Umekunywa masalio ya mama wa batu!"

"Ameonja," nikasema. "Nabintu, waambie ni ndiyo."

Mutoto wangu alikuja akaweka kichwa kwenye kifua changu, mule mule jikoni, kati ya mashine ya kufua na sufuria. Mama Tom akauliza kitu. Nabintu akainua uso, akajibu kwa Kingereza, maneno mengi. Papa Tom akasema "ah". Mama Tom akaweka mukono kifuani, akaniangalia kama mutu anayeangalia padiri. Kisha akacheka, akalia, akaweka mayi tena kwenye moto. Yule kijana Tom alinishika mukono na hakuuachilia mupaka nikamukumbusha.

Tulikula jioni ile mupaka meza ikabaki nyeupe. Papa Tom aliweka sambaza juu ya mukate wa kuchoma, akaweka siagi, akala, akaweka tena. Hakusema kwamba wanavutia. Alikula tu. Yule ni mukwe.

Nilipobaki na Nabintu nikamuuliza: "Uliwaambia nini pale?"

Akaangalia chini. "Nilibaambia njo desturi yetu. Kwamba baba ya binti anangoja mupaka chai ipoe, mama ya kijana anakunywa nusu, baba anamaliza. Na pale ndoa inakuwa."

"Umedanganya wakwe."

"Na wewe ulitaka niseme ya sumu?"

Ni mutoto wangu kabisa.

Kurudi

Siku ya kuondoka teksi ilikuwa inangoja mbele ya nyumba. Papa Tom alibeba sanduku langu, akasema mvua itakuwa nyingi njiani. Furaha alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari na jaketi mbili, anasema kwetu sasa hivi ni jua. Nikamutafuta Mama Tom nimuage, sikumuona. Halafu akatoka, anatembea pole pole, kikombe cha ndege wa buluu juu ya mikono miwili. Akasimama mbele yangu, pale barabarani, majirani wanaangalia kwenye madirisha. Akainua, akanywa nusu, akanipa.

Nilikigusa. Kilikuwa baridi kama jiwe. Aliiandaa tangu alfajiri, Nabintu aliniambia, akaiweka dirishani ipoe vizuri, na alikataza mutu kuigusa.

Mimi nimekunywa mengi katika maisha yangu. Nimekunywa na wanunuzi, na wakubwa, na watu waliotaka kuniibia. Ile chai ilikuwa mbaya kuliko yote, na niliinywa mupaka tone la mwisho, nikageuza kikombe.

Watakuja, familia nzima, harusi itafanyika hapa kwangu Nyalukemba, na nyinyi wote mumealikwa. Mama Tom ameandika kwamba anataka kufuata desturi yetu yote bila kukosa hata moja. Kwa hiyo mutaona bibi yangu anatoa chai iliyopoa, anakunywa nusu, anamupa Mama Tom. Musicheke. Musimueleze kitu. Itaendelea kwenu, kiti kwa kiti, na kila mumoja atakunywa nusu ya baridi na kumupa jirani yake, kama vile baba zetu walivyofanya siku zote.